Katoni Mbili za Chumvi

Wanafunzi wa kidato cha tatu waliniomba niandike katika gazeti letu somo juu ya uchoyo. Nilikubali upesi, maana ni jambo ambalo mwalimu wa dini hulisemea bila taabu: husimama mbele ya darasa akawahukumu matajiri, kengele ikalia, watu wakaenda kula. Lakini nilipokaa na kalamu yangu nikazikumbuka katoni mbili za chumvi zilizokuwa chini ya kitanda changu mwaka 2020, nikaona kwamba haifai kuandika juu ya matajiri kabla sijaandika juu yangu mwenyewe. Basi mtanisamehe nikianza na habari za nyumbani. Mwenye Biblia na aiweke karibu, aifungue Injili ya Luka, mlango wa 12. Tutaifikia.

Ninyi mlikuwa wadogo, lakini nadhani mwakumbuka. Jumatano jioni, tarehe 18 Machi 2020, Rais alitangaza katika redio na televisheni kwamba shule zote za Uganda zitafungwa kuanzia Ijumaa, kwa mwezi mmoja. Ugonjwa wa korona ulikuwa haujaonekana bado katika nchi yetu. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa siku chache baadaye. Lakini hofu haikungoja mgonjwa. Ghafula ikavuma habari kwamba mpaka wa Kenya utafungwa na chumvi itakwisha. Nani alianza kusema hivyo sijui, ila kila mtu alikuwa ameambiwa na mtu mwingine. Chumvi yetu nyingi yatoka pwani ya Kenya, kama vile Gongoni, kaskazini ya Malindi, ambako maji ya bahari hukaushwa juani. Nasi huku hatuna bahari. (Kweli tunalo Ziwa Katwe, magharibi, ambako watu wamechimba chumvi tangu zamani za mababu. Siku ile sikumsikia mtu hata mmoja akilitaja Ziwa Katwe.) Wenye maduka wakapandisha bei, hata Rais akawaonya hadharani. Malori ya mizigo hayakukatazwa kupita Malaba wala Busia, ingawa baadaye madereva walipanga foleni ndefu sana wakingoja kupimwa. Lakini hayo tulikuja kuyajua baada ya kununua.

Alhamisi nilikwenda dukani mapema. Nilikuwa na mshahara wa mwezi wa Februari uliokuwa umechelewa, nikanunua katoni mbili, kila moja ina pakiti ishirini za nusu kilo. Bei ilikuwa imepanda mara mbili na zaidi. Nyuma yangu walisimama watu wengi, na mwenye duka akasema kwamba hizo ndizo katoni za mwisho. Nakiri kwamba niliposikia neno hilo nilifurahi. Nilizifunga juu ya boda boda, nikazifunika kwa gunia, nikarudi nyumbani kama mtu aliyeshinda vita.

Juzi niliwapa kidato cha kwanza hesabu hii, bila kuwaambia ni ya nani. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asile chumvi zaidi ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Nyumbani kwangu tulikuwa watu watano. Kilo 20 zitatutosha siku ngapi? Walijibu upesi: siku 800. Mmoja akauliza, “Mwalimu, huyo mtu alikuwa na duka?” Nikamwambia hakuwa na duka. Akauliza tena, “Sasa alikuwa anaogopa nini?”

Hilo ndilo swali la somo letu, na kijana yule aliliuliza vizuri kuliko mimi. Hakuuliza, “Kwa nini alikuwa mchoyo?” Nami siku ile sikujiona mchoyo hata kidogo. Nilijiona baba mwema mwenye kuangalia watoto wake. Kama mtu angalinisimamisha njiani akanihubiria juu ya tamaa, ningaliitikia “Amina” na kuendelea na safari yangu, maana maneno hayo yangalikuwa ya watu wengine.

Siku ya nne au ya tano akaja jirani yetu. Ni mjane, na kazi yake ilikuwa kupika maharage na mihogo karibu na barabara na kuwauzia vijana wa boda boda. Alikuwa na kikombe mkononi. Akasema, “Mwalimu, nigawie chumvi kidogo, dukani hakuna.” Nikamjibu, “Mama, hata sisi tumeishiwa.” Akashukuru, akaenda zake. Binti yangu, aliyekuwa na miaka minane, alikuwa ameketi sakafuni akipanga madaftari yake. Hakusema neno mpaka usiku, ndipo akaniuliza polepole, “Baba, chini ya kitanda si chumvi ile?” Nikamwambia alale.

Sasa tusome Luka. Mtu mmoja katika mkutano alimwomba Yesu amwamulie ndugu yake wagawane urithi. Yesu alikataa kuwa mwamuzi wao, akawaonya watu juu ya choyo, kisha akawapa mfano wa tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana. Angalieni vizuri mfano huo, kwa sababu tumezoea kuusoma mbiombio. Haisemwi kwamba tajiri huyu aliiba. Haisemwi kwamba aliwapunja vibarua wake, au kwamba alihamisha mpaka wa shamba la jirani. Mvua ilinyesha, akavuna. Kosa lake laonekana katika mazungumzo yake tu, na mazungumzo hayo ayafanya na nafsi yake. Ajiuliza mwenyewe, ajijibu mwenyewe, ajipongeza mwenyewe. Msomaji na ahesabu ni mara ngapi asema neno “yangu” au “zangu”: ghala zake, mavuno yake, vitu vyake, hata nafsi yake. Katika maneno yake yote hamna mke, hamna mtoto, hamna jirani, wala mtu wa kumwambia, “Njoo uone jinsi Mungu alivyotujalia mwaka huu.” Ghala zake za zamani zilikuwa zimemtosha miaka yote. Alitaka kubwa zaidi ili miaka mingi asimhitaji mtu. Na usiku ule ule akafa.

Mara nyingi sisi wahubiri hukomea hapo, kwa sababu mfano umekwisha na watu wameogopa vya kutosha. Lakini Luka hakomei hapo. Katika mstari wa 22 Yesu awageukia wanafunzi wake na kusema nao juu ya kuhangaikia chakula na mavazi, naye aanza kwa neno lenye maana ya “kwa sababu hiyo”. Zamani neno hilo lilinitatiza. Nilidhani Luka ameunganisha masomo mawili yasiyohusiana: moja la matajiri wenye kujaza ghala, na jingine la maskini wasiojua watakula nini. Wanafunzi wale hawakuwa na ghala. Wengine walikuwa wavuvi walioacha nyavu zao. Yawahusu nini habari za tajiri?

Yawahusu kwa kuwa ugonjwa ni mmoja. Mwenye ghala asema, “Na ikipungua?” Asiye na ghala asema, “Na ikikosekana?” Wote wawili wamelala macho wazi wakiitazama kesho, wala hapana hata mmoja kati yao aliyebaki na nafasi ya kumwona mtu aliyesimama mlangoni na kikombe. Ndiyo maana Bwana hakuwaambia tu waache choyo. Kwanza aliishughulikia hofu. Aliwaonyesha kunguru, ndege asiyelima wala kuwa na ghala, na maua ya kondeni. Akawaambia kwamba Baba yao ajua mahitaji yao. Akawaita kundi dogo, akawataka wasiogope. Kisha ndipo, katika mstari unaofuata mara moja, akawaambia wauze mali zao na kuwapa maskini. Huo ndio mpangilio wake, nami naona ni lazima tuufuate. Ukimwamuru mtu mwenye hofu atoe, atatoa kwa mkono mmoja na kuficha kwa mkono wa pili. Nilikuwa mtu wa namna hiyo: kila Jumapili mwaka huo, kabla makanisa hayajafungwa, nilitia sadaka yangu.

Hapa najua mtanipinga kwa methali, nanyi mna haki. Wahenga walisema akiba haiozi. Je, Mkristo asiweke akiba? Asijenge ghala? Asinunue chumvi?

Basi tufungue Kutoka, mlango wa 16. Waisraeli walikuwa wametoka Misri mwezi mmoja tu uliopita. Walikuwa watumwa, na mtumwa ajua sana maana ya kulala njaa. Mungu akawapa mana jangwani, na agizo kwamba kila mtu aokote pishi moja kwa kichwa, wala asibakize kitu mpaka asubuhi. Wengine wakabakiza. Asubuhi ikawa imeingia mabuu na kunuka. Mimi siwacheki watu hao, maana nilifanya vivyo hivyo nami sikuwahi kuwa mtumwa. Lakini soma mbele kidogo: siku ya sita waliamriwa kuokota pishi mbili, moja iwe ya sabato, na hiyo haikuoza. Tena pishi moja iliwekwa katika chombo iwe kumbukumbu kwa vizazi. Chakula ni kile kile na hema ni zile zile. Kilichowekwa kwa kumwamini Mungu kilikaa, na kilichowekwa kwa kutomwamini kiliharibika. Kwa hiyo wahenga hawakukosea. Ila yafaa tuulize akiba hiyo imewekwa na nani ndani ya moyo, mwenye imani au mwenye hofu.

Mwanafunzi mmoja wa darasa langu, apendaye sana ubishi (nami nampenda kwa ajili hiyo), alinikumbusha Yusufu, aliyeweka sehemu ya tano ya mavuno ya Misri kwa miaka saba. Ghala zake zilikuwa kubwa kuliko za tajiri wa Luka! Nikamjibu kwamba Yusufu aliweka akiwahesabu watu wote, na njaa ilipokuja alizifungua ghala, hata ndugu zake waliomuuza wakala. Yule kijana akasema, “Lakini, Mwalimu, hakuwapa bure. Aliwauzia.” Ni kweli. Someni Mwanzo, mlango wa 47: watu wa Misri walitoa fedha, kisha mifugo, kisha mashamba yao, mwisho wakawa watumwa wa Farao. Mlango huo hunisumbua, nami sitaki kuupaka chokaa. Wenye kushika ufunguo wa ghala wakati wa njaa wana nguvu nyingi kuliko yafaavyo mwanadamu, hata wakiwa watu wema.

Kuna mtu mwingine aliyeshika ufunguo wa namna hiyo, nami nataka mmjue, kwa sababu nchi yake ilifanana na yetu kwa jambo moja. Ni Basili, aliyezaliwa kama mwaka 330 katika nyumba ya kitajiri huko Kapadokia, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki. Karibu na mwaka 368 au 369 mvua ilikataa na njaa kali ikaingia katika mji wa Kaisaria. Rafiki yake, Gregori wa Nazianzo, aliyesimulia habari hizo baada ya Basili kufa mwaka 379, alieleza kwamba miji ya pwani huvumilia njaa kwa kuletewa vitu kwa njia ya bahari, lakini watu wa bara hawana pa kuuzia wala pa kununulia. Niliposoma hayo niliona kana kwamba aliwahi kuishi Tororo! Basi katika Kaisaria wenye nafaka waliifungia, wakingoja bei ipande zaidi. Basili alikuwa padre tu, hajawa askofu. Uaskofu aliupata mwaka 370. Alihubiri juu ya tajiri huyu huyu wa Luka 12, na mahubiri yake yapo mpaka leo. Aliwafundisha kwamba kilichozidi katika nyumba ya mtu, huku mwenzake akikosa, si mali yake tena bali ni haki ya yule aliyekosa. Neno gumu sana hilo. Wenye ghala wakazifungua.

Lakini nadhani hawakufungua kwa sababu ya maneno peke yake. Basili mwenyewe alikuwa ameuza mali ya urithi wake. Aliwakusanya wenye njaa mahali pamoja, wanaume kwa wanawake, watoto na wazee, akawapikia mchuzi katika masufuria makubwa, akajifunga nguo kiunoni na kuwahudumia pamoja na watumishi wake. Tajiri akimwona mwenzake aliyekuwa na mali kama yeye, aliyeitoa, na kumbe hajafa, bado anacheka na kugawa mchuzi, hofu yake hupungua. Hayo ni mawazo yangu mimi, Gregori hakuyaandika.

Sasa nirudi nyumbani, maana nimewaacha na mjane na kikombe chake.

Mwezi mmoja wa kufunga shule ukawa miwili, ukawa mitatu. Mwajua jinsi ulivyokwisha: madarasa ya mitihani yaliitwa kwa vipindi, lakini shule zote hazikufunguliwa kabisa mpaka tarehe 10 Januari 2022. Walimu wa Serikali waliendelea kupata mshahara. Mimi nilikuwa nikifundisha shule ya watu binafsi, nayo ilipokosa karo ikakosa mishahara. Kufika mwezi wa Juni tulikuwa tukila mara moja kwa siku, na chumvi tulikuwa nayo tele! Mvua za Aprili na Mei zilikuwa zimeleta unyevu chini ya kitanda; katoni ya pili nilipoifungua, pakiti zote zilikuwa zimeganda kama matofali. Mke wangu aliitazama, akanitazama, akafunga katoni.

Ndipo siku moja mchana mtoto wa yule mjane akaja na kikapu kichwani. Viazi vitamu, vimejaa, na juu yake fungu la mboga. Akasema, “Mama asema ni vya watoto.” Vijana wa boda boda walikuwa wamekatazwa kubeba abiria tangu Machi, kwa hiyo yule mama hakuwa na wateja. Nilijua shamba lake: ni kipande kidogo nyuma ya nyumba.

Katika Wafalme wa Kwanza, mlango wa 17, yumo mjane wa Sarepta, aliyekuwa akiokota kuni mbili tatu ili apike unga wa mwisho, yeye na mwanawe wale, kisha wafe. Eliya alimwomba mkate. Nimefundisha habari hiyo mara nyingi, lakini siku ile ya viazi ndipo nilipoona kwamba neno la kwanza la nabii, mama yule alipokwisha kueleza umaskini wake, lilikuwa la kumtaka asiogope. Kuomba kulifuata baadaye. Tena yule hakuwa Mwisraeli. Alikuwa mtu wa nchi ya Sidoni, wala hakuwa na sababu ya kumwamini mgeni. Akaenda akapika.

Jioni niliichukua ile katoni iliyoganda kwa kuwa nyingine ilikuwa imebaki pakiti chache. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani. Nilimkuta akichambua maharage. Nikamwambia, “Mama, siku ile nilikudanganya. Chumvi ilikuwapo.”

Akasema, “Mwalimu, nilijua. Niliiona ikishuka kwenye boda boda, gunia halikuifunika vizuri.”

Nikamuuliza kwa nini basi alituletea viazi.

“Kwani viazi vina kosa gani?” Akacheka kidogo. Kisha akasema kwamba alikasirika siku mbili tatu, hata akamsimulia dada yake. Halafu akawaza kwamba nami nina watoto, na kwamba yeye naye, kama angalikuwa na fedha siku ile, pengine angalinunua katoni tatu. Akaniuliza kama watoto wamekula. Nikasema wamekula.

Akaipapasa ile pakiti, akaigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia kama jiwe. Akamwita mwanawe alete kinu. Tuliketi pale uani, mimi nikitwanga, yeye akitia chumvi katika vikaratasi, na mtoto akipeleka kwa majirani, nyumba baada ya nyumba, mpaka giza likaingia. Vipande vingine vilikuwa vigumu sana. Mchi uliruka, na kimoja kikanipiga kwenye paji la uso.